Mageuko na uhandisi jeni visitenganishwe darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu jinsi mada mbili za biolojia zinavyofundishwa katika shule za sekondari, yaani mageuko ya viumbe (namna viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi) na uhandisi jeni (kubadilisha kwa makusudi jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika seli). Mimi ni mwalimu wa somo hilo, na niyaandikayo hapa yametokana na ninayoyaona katika madaftari ya wanafunzi na katika karatasi za majibu ninazosahihisha. Hoja yangu ni kwamba mada hizi zimewekwa mbalimbali kana kwamba hazina uhusiano wowote, ilhali ya pili haieleweki bila ya kwanza, na mwanafunzi anayesoma kila moja peke yake huishia kuzikariri zote mbili.

Mageuko kwa kawaida huwekwa karibu na mwisho wa kitabu, na hufikiwa wakati muda umekwisha na mtihani uko mlangoni. Mwalimu huyapitia harakaharaka: jina la Darwin, mwaka 1859 alipochapisha kitabu chake, visukuku, na mchoro wa mifupa ya mkono wa binadamu, bawa la popo na kikono cha nyangumi. Wapo wanaotanguliza maneno ya kuomba radhi, wakiwaambia wanafunzi kwamba hayo wayaandike tu kwa ajili ya alama. Uhandisi jeni nao huja katika sura nyingine kabisa, aghalabu kwa jedwali lenye faida upande huu na hasara upande ule, na mwanafunzi akishalijaza huhesabiwa kuwa ameelewa. Hakuna anayemwuliza ni kwa nini teknolojia hiyo inawezekana hata kidogo.

Swali hilo ndilo linalostahili kuwekwa mbele, na mfano unaolifungua vizuri ni insulini. Mnamo Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya insulini iliyotolewa kwenye kongosho za wanyama, na tangu hapo watoto waliokuwa wakifa kwa kisukari wakaanza kuishi. Kwa takriban miaka 60 iliyofuata wagonjwa duniani kote walitegemea insulini ya nguruwe na ya ng'ombe. Ukiwauliza wanafunzi wanaokaribia kumaliza sekondari kwa nini homoni ya nguruwe ifanye kazi katika mwili wa mtu, wengi hunyamaza, ingawa wanajua vyema kazi ya insulini na mahali inapotengenezwa. Jibu liko katika protini yenyewe. Insulini ya binadamu ina asidi amino (vijenzi vya protini) 51 zilizopangwa katika minyororo miwili, mmoja wa asidi 21 na mwingine wa asidi 30. Ile ya nguruwe inatofautiana na yetu mahali pamoja tu, kwenye ncha ya mnyororo mrefu, na ile ya ng'ombe inatofautiana nayo mahali patatu. Sisi na wanyama hao tumerithi jeni ya insulini kutoka kwa babu mmoja wa kale, na kwa kuwa homoni hiyo ikiharibika mnyama hufa, uteuzi asilia, yaani hali ya wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaana kuliko wengine, umeilinda kwa mamilioni ya miaka isibadilike sana.

Mwaka 1978 wanasayansi wa California waliunda katika maabara DNA (molekuli inayobeba jeni) yenye maagizo ya minyororo hiyo miwili, wakaiingiza katika bakteria aina ya Escherichia coli, na bakteria hao wakaitengeneza minyororo hiyo, kila mmoja katika kundi lake la bakteria, kisha minyororo ikatolewa, ikasafishwa na kuunganishwa. Mwaka 1982 insulini ya namna hiyo iliidhinishwa nchini Marekani kwa matumizi ya wagonjwa. Hapa swali linakuwa zito zaidi, kwa sababu bakteria si ndugu wa karibu kama nguruwe; hana kongosho, hana damu, wala hana haja ya insulini. Anawezaje kusoma maagizo ya mwili wa mtu? Anaweza kwa sababu herufi nne za DNA (A, T, G na C) husomwa tatu tatu katika karibu kila kiumbe kilicho hai, na katika michanganyiko 64 inayopatikana, kila mmoja una maana ileile. GAG humaanisha asidi glutamiki kwa bakteria, kwa samaki, kwa mti na kwa mtu. Zipo tofauti chache, kama zilizomo katika mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), lakini ni tofauti ndogo juu ya mfumo mmoja ambao viumbe wote wameurithi kutoka enzi za mwanzo kabisa za uhai. Mhandisi jeni anapohamisha jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, anautegemea undugu huo kila siku ya kazi yake, hata asipoutaja.

Hata pale viumbe wanapotofautiana, tofauti hiyo inafundisha. Jeni nyingi za binadamu zina vipande vya katikati ambavyo seli zetu huviondoa kabla ya protini kutengenezwa, na bakteria hana vyombo vya kuviondoa. Ndiyo maana wanasayansi hawakuchukua jeni ya binadamu kama ilivyo na kuipachika, bali waliunda DNA isiyo na vipande hivyo. Mwanafunzi akielezwa jambo hili hatahitaji kukariri hatua za uhandisi jeni, kwa kuwa ataona mwenyewe kila hatua ilihitajika kwa sababu gani.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote katika majibu ya mitihani linahusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mwanafunzi huandika kwamba bakteria “walizoea dawa”, au kwamba “walijibadilisha ili wasife”. Simlaumu, maana hivyo ndivyo watu wazima wanavyosema mitaani na hata katika baadhi ya vyombo vya habari. Lakini kosa hilo si dogo, kwa kuwa anayeamini kwamba kila bakteria hujibadilisha kwa kutaka kwake hawezi kuelewa kwa nini matumizi holela ya antibiotiki ni hatari.

Dawa ya kosa hilo ni jaribio ambalo wanasayansi wa Marekani Joshua na Esther Lederberg walilichapisha mwaka 1952. Walikuza makoloni (vikundi) ya bakteria katika sahani isiyo na dawa, wakachukua kipande cha silinda kilichofunikwa kwa kitambaa cha mahameli, wakakigandamiza juu ya sahani hiyo ili nyuzi za kitambaa zinase bakteria wachache kutoka kila koloni. Kisha walikigandamiza kitambaa hichohicho, bila kukigeuza upande, juu ya sahani nyingine zilizotiwa dawa. Katika sahani hizo makoloni machache mno yaliota, na yaliota mahali palepale katika kila sahani. Walipoirudia sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuguswa na dawa, na kuchukua bakteria wa mahali hapo, walipata humo wenye usugu. Maana yake ni kwamba mabadiliko ya jeni yalikuwapo kabla ya dawa kufika. Dawa iliwaua wengine tu na kuwaachia hao nafasi ya kuzaana. Somo hili halihitaji vifaa vya gharama. Michoro minne ubaoni inatosha, na nimeona wanafunzi wakibishana kwa nusu kipindi juu ya sahani ya kwanza mpaka mmoja wao anapogundua kwa nini ni lazima makoloni yaote mahali palepale. Kumbe hata mbinu hii nayo ni msingi wa uhandisi jeni, kwa sababu mtafiti anayetaka kujua ni bakteria gani waliopokea jeni mpya mara nyingi huambatanisha na jeni hiyo nyingine ya usugu, huwatia wote dawa, na huwakuza wale waliosalia.

Mfano ambao ningetaka ufundishwe kwa kina kuliko wote, hata ikibidi mingine ipunguzwe, ni ugonjwa wa selimundu. Chanzo chake ni herufi moja. Katika jeni ya beta-globini, mojawapo ya protini zinazojenga himoglobini (kibeba oksijeni cha damu), GAG ya nafasi ya sita imekuwa GTG, na kwa hiyo asidi glutamiki imeachia nafasi yake kwa asidi amino nyingine, valini. Badiliko hilo huzifanya molekuli za himoglobini zishikamane oksijeni inapopungua, zikaunda nyuzi ndefu ndani ya chembe nyekundu ya damu, na chembe hiyo ikajipinda na kuwa na umbo la mundu, ikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa na afya, na zaidi ya hapo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilithibitisha katika utafiti alioufanya Afrika Mashariki na kuuchapisha mwaka 1954. Hii ndiyo sababu jeni inayoua imedumu kwa wingi katika maeneo yenye malaria badala ya kutoweka.

Hapo hesabu za urithi za Mendel, ambazo wanafunzi wengi huziona kuwa mchezo wa mbaazi za kijani na za manjano, hupata uzito wake. Wazazi wawili wenye jeni moja kila mmoja wanapopata mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo, wa kurithi jeni moja kama wao ni nusu, na wa kutoirithi kabisa ni robo. Mwanafunzi huyapata majibu hayo kwa dakika moja. Kinachofuata ndicho kigumu na ndicho chenye thamani: aeleze nini kitatokea kwa jeni hiyo, kizazi baada ya kizazi, katika jamii isiyo na malaria. Akilijibu swali hilo vizuri ameyaelewa mageuko, na ameelewa pia kwamba uteuzi asilia hauna lengo la kumfanya kiumbe awe kamili, bali hupima tu nani ameacha watoto wengi katika mazingira aliyomo.

Ugonjwa huohuo unatuingiza moja kwa moja katika uhandisi jeni wa leo. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa selimundu, na Marekani ikafuata mwezi Desemba. Wengi hudhani kwamba tiba hiyo inaisahihisha ile herufi iliyokosewa. Sivyo. Kabla ya kuzaliwa, kila mmoja wetu alitumia himoglobini ya aina nyingine, iliyojengwa kwa gama-globini badala ya beta-globini, na baada ya kuzaliwa aina hiyo hupunguzwa kwa msaada wa jeni iitwayo BCL11A. Wataalamu huchukua seli shina za damu za mgonjwa (zile zinazozalisha chembe za damu), hukata DNA katika sehemu inayoiwasha BCL11A ndani ya seli hizo, kisha huzirudisha mwilini baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Kizuizi kinapopungua, himoglobini ya kabla ya kuzaliwa hurudi na kuzuia ile yenye kasoro isishikamane.

Tunayo wapi hiyo gama-globini ya akiba? Tunayo kwa sababu zamani sana jeni moja ya globini ilijirudufu, na nakala zake zikatofautiana kidogo kidogo hata zikagawana kazi. Na mkasi unaokata DNA umetoka wapi? Umetoka kwa bakteria, ambao kwa mageuko ya muda mrefu walipata mfumo wa CRISPR wa kutambua na kukata DNA ya virusi vinavyowashambulia. Kimeng'enya cha Cas9, ambacho ndicho mkasi wenyewe, kinachotumika sana kimetokana na Streptococcus pyogenes, bakteria yuleyule anayesababisha maumivu ya koo. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha mwaka 2012 jinsi mfumo huo unavyoweza kuelekezwa kwenye DNA yoyote tunayoichagua, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Katika tiba hii moja, basi, ugonjwa, akiba iliyoutibu na chombo kilichotumika vyote vitatu ni matokeo ya mageuko. Sioni ni vipi mwalimu anaweza kuifundisha bila kuyataja, na sioni sababu ya mwanafunzi kunyimwa furaha ya kuyaona yakikutana hivyo.

Najua kwamba baadhi ya wazazi na viongozi wa dini wana wasiwasi, na wasiwasi wao haustahili dhihaka. Mwalimu anayewakejeli wanafunzi kwa imani zao amekosea sawa na yule anayeomba radhi kwa kufundisha sayansi. Kinachotakiwa ni kuweka ushahidi mezani na kumwacha mwanafunzi aufuate. Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba mageuko yanafundisha kuwa mtu ametokana na nyani tunaowaona leo, jambo ambalo hakuna mwanabiolojia anayelisema. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Ushahidi wake unaweza kutolewa kama fumbo la darasani. Sokwe wana jozi 24 za kromosomu, yaani vifungu vya DNA ndani ya seli, na binadamu ana jozi 23. Ikiwa nasaba yetu ni moja, jozi iliyopungua imekwenda wapi? Kila kromosomu huwa na mfuatano maalumu wa DNA kwenye ncha zake, na kromosomu namba mbili ya binadamu ina mabaki ya mfuatano huo katikati yake, pamoja na mabaki ya sentromia (sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapogawanyika) ya pili, pale hasa tunapotarajia kuyakuta endapo kromosomu mbili za kale ziliungana ncha kwa ncha. Mwanafunzi ana uhuru wa kuupima ushahidi huo pamoja na imani yake nyumbani. Asichopaswa kufanyiwa ni kufichwa kwamba upo.

Kwa upande wa uhandisi jeni hofu ni za aina nyingine, na nyingine zina msingi kuliko nyingine. Hofu kwamba mtu akila jeni atabadilika haina msingi, kwa kuwa kila mmea na kila nyama tunayokula ina jeni, na tumbo huzimeng'enya. Lakini maswali kuhusu umiliki wa mbegu, kuhusu chavua ya zao lililobadilishwa kufika kwenye mimea ya porini iliyo jamaa yake, na kuhusu nani anayekagua usalama wa kila zao kabla halijatolewa ni maswali halali, na jedwali la faida na hasara haliyatendei haki. Wanafunzi wanapaswa kujua kwamba wanasayansi wenyewe walikutana Asilomar, California, mwaka 1975, wakati teknolojia hii ilipokuwa changa, wakakubaliana juu ya masharti ya usalama. Wanapaswa pia kujua kwamba mwaka 2018 mtafiti He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa watoto ambao jeni zao alizibadilisha wakiwa viinitete, kwamba wanasayansi wa mataifa mengi walimlaani, na kwamba mwaka 2019 mahakama nchini China ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Tofauti kati ya kuzibadilisha seli za damu za mgonjwa aliyeridhia, ambazo hatazirithisha, na kukibadilisha kiinitete ambacho kinaweza kulirithisha badiliko hilo kwa vizazi vyake, ni tofauti inayotakiwa kuulizwa katika kila mtihani.

Naamini walimu wengi wangependa kufundisha hivi lau wangejua kwamba mtihani utawapima wanafunzi wao hivyo, na hapa nawalaumu watunga mitihani kuliko wenzangu. Maswali ya “taja” na “orodhesha” yanapotawala, mwalimu mwenye busara hufundisha kutaja na kuorodhesha. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa mitaala ni kwamba sura ya mageuko itangulie ile ya uhandisi jeni na ipewe vipindi vya kutosha, na kwa wanaotunga mitihani ni kwamba angalau swali moja kila mwaka liwalazimishe wanafunzi kutumia mada hizo mbili kwa pamoja.

Swali la namna hiyo si gumu kulitunga. Mahindi ya Bt yamepewa jeni kutoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis, na hutengeneza protini inayowaua viwavi wanaoyatafuna. Katika nchi nyingi yanakolimwa, wakulima hutakiwa kupanda pembeni eneo la mahindi ya kawaida. Mtahiniwa apewe jedwali la mashamba mawili, moja lililopandwa mahindi ya Bt peke yake na jingine lililoachiwa eneo hilo la pembeni, likionyesha idadi ya viwavi wenye usugu kwa vizazi kadhaa. Aelezwe pia kwamba usugu huo huonekana tu kwa kiwavi aliyeurithi kwa wazazi wote wawili. Kisha aulizwe kwa nini usugu unapanda upesi zaidi katika shamba la kwanza, nondo waliokulia kwenye mahindi ya kawaida wana kazi gani katika shamba la pili, na angemjibu nini mkulima anayelalamika kwamba eneo la pembeni linampotezea mavuno.

Wako,
Mwalimu wa biolojia, shule ya sekondari